Pazia la Bitana

Mtaa mzima ulimwita Mama Pazia, na jina lilimkaa. Ukipita mbele ya nyumba yao ungemkuta barazani, cherehani mbele yake, kitambaa kimemfunika magoti na kumwagika hadi sakafuni, ungedhani mwanamke huyu hana miguu, ana maporomoko ya nguo. Alishona mapazia tu. Gauni alikataa, suruali alikataa, na wenye sare za shule aliwaelekeza kwa fundi wa kona. Alisema nguo ya mtu ina maneno mengi. Mtu hunenepa, halafu akamlaumu fundi. Dirisha halinenepi.

Kazi hiyo alijifunza kwa shangazi yake tangu akiwa msichana, na ilikuwa imemwingia mwilini. Hakuweza kuingia nyumba ya watu bila kuushika upindo wa pazia kwa vidole viwili, kama mtu anayempima mgonjwa mapigo ya moyo. Alijua kitambaa kinachozuia jua na kinachozuia macho, na kwamba hivyo ni vitambaa viwili tofauti.

Pembeni ya cherehani, kwenye kiti cha plastiki chenye mto, aliketi mama mkwe wake. Huyu alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. Alichambua mchele hapo, akapokea salamu hapo, akawapangia bei wateja wa mkwewe hapo. Alimpenda Mama Pazia kwa mapenzi ya blanketi la sufu wakati wa joto. Sokoni walikwenda wawili. Kwa muuza vitambaa, wawili. Msibani, wawili. Mtu akiuliza, mama mkwe alijibu kwamba mkwe wake hatembei peke yake kama yatima. Wanawake wa mtaa walimpa Mama Pazia hongera. Nani anapata mavyaa wa namna hii? Naye aliitikia na kuinamia cherehani, kwa sababu hakujua mtu anamshtaki vipi anayempenda, wala anamshtaki kwa nani.

Mwenye nyumba, yaani mwana wa mama huyo na mume wa Mama Pazia, aliitwa Greda, kutokana na mtambo aliouendesha. Alisawazisha barabara za mbali, akilala kwenye kambi za mkandarasi, na alirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Alikuwa mwanaume wa vicheko. Alipoingia, nyumba ilijaa. Alimrusha binti yake juu ingawa binti alikuwa mkubwa wa kwenda shule, akamtania mama yake kwamba amepungua, akamshika mkewe kiuno mbele ya watu. Nyumba nzima ilikuwa inangoja mtoto wa pili. Mama mkwe alishafua vijinguo vya yule wa kwanza, akavikunja na kuviweka kabatini juu kabisa, na kila Greda alipokaribia kurudi aliviteremsha kuvianika jua, bila kusema neno. Jua lilisema badala yake.

Kilichomtoa Mama Pazia usingizini hakikuwa simu wala uvumi. Kilikuwa kifungo. Siku moja alikuwa anafua shati la kazi la mumewe akaona kifungo cha kola kimeshonwa upya. Wanaume wa kambini hushona kifungo kama wanaofunga mzigo, uzi mweusi kwenye nguo nyeupe, fundo kubwa nje. Hiki kilishonwa kwa uzi wa rangi ileile, kikazungushiwa shingo ndogo ya uzi ili kisikaze, na fundo likafichwa ndani. Ulikuwa mkono wa mwanamke, tena mwenye subira. Safari iliyofuata aliona kiraka kwenye goti la suruali, na mshono wake ulilala upande wa pili, wa mtu anayetumia mkono wa kushoto. Basi walikuwa wawili, kwa uchache. Mshono una mwandiko wake, na Mama Pazia alikuwa anajua kusoma.

Wivu aliumaliza kimyakimya, akilia kidogo bafuni maji yakimwagika. Kilichobaki baada ya wivu kilikuwa hofu, nayo haikumalizika. Mwaka uliopita alipata maumivu na uchafu usio wa kawaida, na daktari akampa dawa na kusema mwenzake naye atumie. Greda aliambiwa, akacheka. Alisema dawa ya mke wake ataimeza yeye kwa nini, kwani wana tumbo moja? Safari nyingine Mama Pazia alijikaza akataja mipira ya kinga. Greda alicheka mpaka akakohoa, kisha akaacha kucheka. Akamwambia yeye ni mumewe, si mgeni wake. Alinuna siku mbili, na siku ya tatu mama mkwe alimuuliza Mama Pazia, kwa upole, amemfanya nini mwanawe.

Halafu redio ikasema. Ilikuwa asubuhi, cherehani ikiwa katikati ya upindo mrefu, na mtangazaji akaeleza kwamba kuna vidonge ambavyo mtu mzima wa afya anameza kila siku ili virusi vya UKIMWI visimpate, hata kama mwenzake hapimi, hata kama mwenzake hataki kinga nyingine. Mama Pazia aliondoa mguu kwenye kanyagio. Mtangazaji akamalizia: muulize daktari wako. Mama mkwe akanyoosha mkono, akatafuta stesheni yenye muziki.

Daktari wako. Hapo ndipo njia ilipokuwa imeziba. Kulikuwa na kituo kikubwa cha afya barabara kuu, chenye dirisha lake maalumu la dawa za namna hiyo, na foleni ya dirisha hilo ilisimama mbele ya lango, watu wakipita. Mama Pazia alishawahi kufika pale, siku aliyomwacha mama mkwe kwa jirani kwa kisingizio cha uzi kumwishia. Muuza matunda wa langoni, rafiki wa mama mkwe, akamwona kabla yeye hajamwona. Akamuuliza nani anaumwa nyumbani. Mama Pazia alinunua machungwa akarudi nayo, na uzi asiwe nao.

Na daktari wao wenyewe alikuwa wao mno. Zahanati yake ilikuwa mtaa wa nyuma, nyumba ya kupanga yenye chumba cha kungojea na chumba cha kutibia. Alifika pale nywele zikiwa nyeusi, na sasa zilikuwa na mvi. Alimtibu Greda surua utotoni. Alimzika baba yake Greda, maana alishika jeneza pamoja na wana wa ukoo. Mama mkwe alimwita mwanangu, na kwa hiyo yeye alimwita Mama Pazia shemeji, na hakukosa utani wa shemeji. Aliwajua wote kwa vitambi na kwa vidonda.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja tangu zamani: nyumba inaingia pamoja. Alichungulia mlangoni akaita nyumba ya fulani, wakaingia wote. Mgonjwa alikwenda nyuma ya pazia, kwenye kitanda cha kupimia, na mkubwa wa nyumba aliketi kwenye kiti upande wa meza akieleza habari. Watu walimpenda kwa hilo. Hakuna mgonjwa aliyejihisi mpweke kwa daktari yule.

Mama Pazia alikwenda na kichwa kinachouma, ambacho hakikuuma. Pazia lilikuwa shuka kuukuu, lililofuliwa hadi likabaki nyuzi, na kupitia kwake alikiona kivuli cha mama mkwe, mikono juu ya mkoba. Daktari alimuuliza kama analala vizuri.

"Analala, lakini anageukageuka," kivuli kikajibu. "Namsikia ukutani."

Akamuuliza kama anakula. Kivuli kikasema anadonoa kama kuku mgonjwa. Daktari akacheka, akaangalia ulimi wake, akaangalia macho yake. Mama Pazia akavuta pumzi.

"Daktari," alisema polepole, "kuna jambo."

Kiti kililia. Mama mkwe alikuwa amekisogeza karibu. Daktari alingoja, na kiti nacho kikangoja. Mama Pazia alitazama shuka lile, akaona linacheza kidogo kwa pumzi ya mtu wa upande wa pili.

"Jicho," akasema. "Jicho la kushoto linacheza."

Daktari akamwambia shemeji apumzishe macho, madirisha ya watu hayakimbii. Wakacheka wote watatu. Wakati wa kutoka, vidole viwili vya Mama Pazia vilishika upindo wa lile shuka, kwa mazoea tu, na hapo ndipo wazo lilipomjia, likitoka vidoleni kupanda kichwani. Alisema pazia la Daktari limechoka. Atamshonea jingine, bure, kwa yote aliyowatendea. Mama mkwe alifurahi kana kwamba wazo lilikuwa lake, na kabla hawajafika nyumbani lilikuwa lake kweli, maana aliwaeleza watu wawili njiani.

Lilikuwa pazia la ajabu. Kwa nje alichagua kitambaa kizito cha kijani, cha ukumbi. Ndani akaweka bitana ya pamba. Alilitundika mlangoni mwa chumba chake, akawasha redio nyuma yake, akakaa upande huu kusikiliza. Alisikia kila neno la taarifa ya habari. Akafumua, akaongeza blanketi la kijivu katikati, akashona mistari ya karibukaribu kama ya godoro. Akawasha redio tena. Sasa alisikia kwamba kuna mtu anasema, lakini hakujua anasema nini. Akaongeza bitana ya pili. Redio ikawa nyuki ndani ya mtungi.

Mama mkwe alimuuliza anashona pazia au anashona godoro. Alimuuliza pia redio inafanya nini chumbani wakati masikio yapo barazani. Mama Pazia alisema kitambaa kizito hakipitishi vumbi, na zahanati haitaki vumbi. Redio akaizima. Mama mkwe alimtazama sana, mchele mkononi, kisha akaendelea kuchambua.

Greda alipiga simu kusema mwisho wa mwezi atakuwepo. Vijinguo vikaanikwa.

Siku ya kulitundika, mama mkwe ndiye aliyeshika ngazi. Bomba la zamani lilipinda kwa uzito, ikabidi Daktari mwenyewe akamwite fundi wa mlango wa pili aje kufunga jingine. Lilipokaa sawa, la kijani, limeshuka hadi sakafuni na kuingia ukutani pande zote mbili bila kuacha mwanya, Daktari alisimama akaligusa. Akalivuta, akalirudisha. Akaingia nyuma yake, akakohoa. Akatoka.

"Hili zito, shemeji."

"Linazuia vumbi," alisema Mama Pazia. Alikuwa anakusanya pini, hakuinua uso.

Daktari hakutania. Mkono wake ulikuwa bado kwenye kitambaa. Kisha akamwambia mama mkwe apumzike kwenye kiti, yeye amalizie lile jicho la shemeji.

Nyuma ya pazia kulikuwa na kijigiza na harufu ya kitambaa kipya. Mama Pazia alikaa kwenye kitanda, miguu ikining'inia. Aliyasema maneno kama alivyoyapanga wakati wa kushona, moja kwa kila mstari. Alisema mumewe ana wanawake huko aliko. Hajawaona, ila ameona mishono yao. Hataki kupima wala hataki kinga. Nyumba inataka mtoto. Alisema amesikia kuna vidonge.

Daktari alivua miwani. Upande wa pili mama mkwe alianza kuimba kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona anangojeshwa, na wimbo uliwafikia bila maneno.

"Mbona hujawahi kuniuliza?" Mama Pazia alisema. "Mwaka jana nilikuja na ule ugonjwa. Mama akasema ni sababu ya kukaa kwenye saruji ya baridi, nawe ukatoa dawa bila kuuliza."

"Wageni nawauliza," alisema Daktari. "Kila mgeni anayeingia hapa namuuliza analala na nani, anajikinga vipi, amepima lini. Nyinyi ninaowajua nawaonea haya." Akaivaa miwani. "Leo mimi si shemeji yako. Leo mimi ni daktari wako. Nitakuuliza yote, nawe unijibu."

Akamuuliza yote. Alijibu akiitazama kamba ya kiatu cha Daktari. Mwisho wa maswali akauliza lake moja: kama Greda naye ni mgonjwa wake, je, kuna analolijua?

Daktari akasema habari za mtu mwingine hawezi kumpa, ziwepo zisiwepo, kama vile habari zake yeye hatampa mtu mwingine, hata huyo aliye kwenye kiti. Mama Pazia aliutafuta uso wake kama anavyotafuta kasoro kwenye kitambaa, akaona kwamba mtu huyu naye amefungwa, tena kwa uzi mgumu kuliko wake. Hakuuliza tena.

Alichomwa kidole. Tone likawekwa kwenye kipande kidogo cha plastiki cha kupimia virusi, na ikabidi wangoje. Daktari akatoka kumpima mama mkwe presha ili muda upite, na Mama Pazia akabaki na kile kipande, mstari mmoja umetokea, wa pili haujulikani kama utakuja. Ukija, vidonge hivi si vyake tena, ni vingine, vya maisha mengine. Alisikia mivumo ya sauti mbili. Alikuwa amejishonea chumba kisicho na mlango. Alijua kila mshono wake, alijua palipo na blanketi na palipo na pamba, na akawaza kwamba kama angepiga kelele humo, nani angesikia?

Daktari alirudi, akakiinua kipande kwenye mwanga. Mstari ulikuwa mmoja.

Alimweleza taratibu. Kidonge kimoja kila siku, saa ileile. Hakizuii mimba, hakimdhuru mtoto akitungwa. Hakizuii magonjwa mengine, kwa hiyo dalili yoyote aje. Akamtoa damu mkononi, akasema ataipeleka kuangalia figo. Baada ya mwezi apimwe tena, kisha kila baada ya miezi mitatu. Siku hizi hata zahanati ndogo kama yake imeruhusiwa kuvitoa, asiende kupanga foleni kokote. Halafu akasema lile alilokuwa anaogopa kulisema: vidonge havikingi siku hiyohiyo. Mwili unataka wiki nzima ya kumeza bila kuruka, na ikizidi hapo ni bora zaidi. Kabla ya hapo, asimkaribie mumewe bila mpira.

Mama Pazia alihesabu mwisho wa mwezi kichwani, akaona upo mbali kiasi cha kutosha. Akashukuru. Akaomba pamba, akaijaza ndani ya chupa aliyopewa, juu ya vidonge, ili visilie. Chupa ile ilifanana na za wagonjwa wa UKIMWI wenyewe, na mtu akiiona hatauliza, atatangaza. Akaitumbukiza kwenye kopo la ndoano za mapazia, chini kabisa.

Njiani walipita kwa muuza mkaa, mama mkwe hakumsalimu. Walipita kwa jirani aliyejifungua, hakuuliza mtoto. Mama Pazia alilibeba kopo kwa mikono miwili, akihisi kila ndoano. Ndipo simu ya mama mkwe ikalia, akaiweka sikioni, na sauti ya Greda ikatoka humo kubwa kama kawaida, ikicheka. Mvua imeharibu kazi. Wamefunga kambi kwa muda. Kesho jioni yuko nyumbani, tena safari hii atakaa, wiki tatu hivi, wamchoke wenyewe.

Mama mkwe alisema karibu, mwanangu. Akakata. Akasimama katikati ya njia, mkoba kifuani.

"Nimesahau kitu kwa Daktari," alisema. "Turudi."

Mama Pazia alisema yeye atatangulia. Mama mkwe akasema hapana, waende wawili.

Mlangoni mwa chumba cha kutibia mama mkwe hakungoja kuitwa. Alimwonyesha mkwewe kiti. "Wewe kaa hapo," akasema, akaingia nyuma ya pazia la kijani, na Daktari akamfuata akiwa na uso wa mtu asiyejua anakokwenda.

Hii ilikuwa mara ya kwanza Mama Pazia kuketi kwenye kile kiti. Kilikuwa na shimo la mwili wa mama mkwe, la miaka mingi, naye akapotea ndani yake. Alisogeza mbele. Kiti kililia. Akatega sikio, akapata nyuki ndani ya mtungi. Aliisikia sauti ya mama mkwe ikipanda, ikishuka, ikinyamaza. Aliisikia ya Daktari ikijibu kwa neno moja, tena moja. Alikuwa na hakika anaulizwa habari zake. Kopo lilikuwa mapajani, na mikono yake ililishika mpaka vidole vikapoteza damu. Angetaka sasa lile shuka kuukuu. Angetoa bitana zote mbili na blanketi apate neno moja tu. Pazia lilisimama mbele yake bila kucheza, limenyooka, kazi safi.

Walipotoka, macho ya mama mkwe yalikuwa mekundu na mkoba uko mahali pake. Akamgeukia Daktari.

"Mwambie mgongo wangu una nini."

"Mama anaumwa mgongo," alisema Daktari. "Ni kweli. Unamuuma tangu zamani."

"Na mgongo huo unataka nini?" mama mkwe akauliza.

Daktari alimtazama mama mkwe, akamtazama Mama Pazia, akawa kama anayetafuta mahali pa kukanyaga. "Unataka kukandwa," alisema. "Asubuhi na jioni."

"Na mtu wa kulala karibu," mama mkwe akamalizia mwenyewe. "Wiki mbili." Neno hilo Daktari hakulisema, na hakulikanusha.

Nje jua lilikuwa kali. Walitembea kipande kizima hivyohivyo, wawili, kama siku zote. Kisha mama mkwe akaanza kusema, akitazama mbele, kwa sauti ndogo ambayo Mama Pazia hakujua kwamba anayo.

"Sikusikia hata neno, mwanangu, na Daktari hakunitolea siri yako. Usiogope. Lakini mtu hashoni ukuta kama hana la kusema." Wakapita kwa muuza mkaa. "Baba yake Greda naye alikuwa mtu wa safari. Kwenye kile kiti nimekaa mimi, nyuma ya shuka amelala yeye, na yote niliyasikia. Nilipokuja kulala mimi, huku kwenye kiti alikaa mama yake. Daktari akaniuliza kula, akaniuliza usingizi. Niliponea kwa bahati tu." Akahamisha mkoba bega. "Mimi hakuna aliyenishonea pazia."

Mama Pazia alitaka kumshika mkono, lakini kopo lilikuwa kwenye mikono yote miwili.

Greda alifika kesho yake na matope ya barabara kwenye viatu na zawadi kwenye begi. Alimrusha binti, akambusu mama. Aliposikia habari za mgongo alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Alisema atamwajiri mtu wa kumkanda. Mama yake akamuuliza tangu lini mgongo wake unakandwa na vibarua. Alisema basi yeye mwenyewe atamkanda. Mama akamwambia mikono yake ni ya kukandia barabara. Hapo alicheka kweli, akashindwa, akaingia chumbani kwake peke yake na begi lake.

Chumba cha mama mkwe kilikuwa kidogo, chenye dirisha moja lililofungwa kwa sababu ya mgongo, na harufu ya dawa ya kuchua iliyokaa hadi kwenye mito. Komeo lilifungwa kwa ndani. Mama Pazia alilala kati ya ukingo wa kitanda na mwili mkubwa, hana pa kugeukia, hana tena hata ule ukuta wa kugeukageukia wa zamani. Aliwaza siku zitakapokwisha. Atarudi chumbani kwa mumewe na damu yake italindwa, na kila mwezi kopo litakuwepo, pamba itakuwepo, safari ya kwenda kurekebisha mapazia ya Daktari itakuwepo, uongo juu ya uongo. Greda hataambiwa. Atavaa mashati yenye vifungo vya watu, naye atayafua. Vijinguo vitaanikwa. Yule aliyefunga komeo hili ndiye aliyeteremsha vijinguo vile, na mikono ni ileile.

Asubuhi aliamka mwanga ukiwa umeingia kwenye ufa wa dirisha. Mama mkwe alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, akipumua kama anavyopumua mtu aliye macho. Sakafuni, upande wa Mama Pazia, palikuwa na glasi ya maji iliyofunikwa kwa kisahani. Yeye hakuiweka.

Alifungua kopo, akachambua ndoano, akatoa pamba. Akameza. Maji yalikuwa ya baridi, yametekwa sasa hivi.

Uani Greda alikuwa anapiga mswaki, akitema, akiimba. Hatua zake zikaja mpaka mlangoni, kitasa kikajaribiwa kidogo.

"Mama, mgongo unaendeleaje?"

Mama mkwe hakuugeuza uso kutoka ukutani.

"Bado, mwanangu," alisema. "Bado kidogo."